Je, Wajua? Ukungu Kwenye Vichwa vya Wenye Maamuzi

Msitu ukiisha, ziwa likifa au mradi mkubwa ukianguka, maelezo ya barazani huwa mawili: wakubwa hawakujua, au walikula. Mara nyingine ni kweli. Lakini ukifukua mafaili ya zamani utakuta jambo la kushangaza zaidi. Mara nyingi walijua, tena waliambiwa mapema na kwa maandishi. Kilichowaziba masikio ni hofu, fahari, aibu ya kurudi nyuma, na mazoea ya akili ambayo sote tunayo, wewe na mimi tukiwemo.

Je, wajua kwamba bandari ya Mtwara ilijengwa kwa ajili ya karanga ambazo hazikuja?

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza walikuwa wakila kwa mgao na mafuta ya kupikia yalikuwa adimu. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkubwa wa kampuni ya United Africa, aliipelekea serikali ya London wazo lililowachangamsha wote: karanga zilimwe Tanganyika kwa matrekta, si kwa jembe la mkono. Ukatumwa ujumbe chini ya John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika. Waliizunguka nchi kwa wiki chache, sehemu kubwa wakiitazama ardhi kutoka angani, wakarudi na hesabu zao: ekari zaidi ya milioni 3, pauni milioni 25 hivi, miaka 6. Kazi ikaanzia Kongwa, Ugogo.

Mgogo yeyote angewaambia bure, bila posho. Mvua ya Ugogo ni ya kubahatisha, na njaa za huko zina majina yake kabisa. Ile ya wakati wa Vita vya Kwanza inaitwa Mtunya. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi. Mvua ikikatika unakakamaa, na karanga ni zao linalokomaa chini ya ardhi: hata ikizaa, haing'oki. Matrekta mengi yalikuwa masalia ya vita. Mengine, yaliyoitwa Shervick, yalitengenezwa kwa kugeuza vifaru aina ya Sherman, na bado mizizi ya vichaka vya Ugogo iliyashinda. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000.

Hapo ndipo pa kusimama. Wao wakaongeza fedha. John Strachey, waziri wa chakula, aliendelea kuutetea mradi bungeni hadi mwishoni mwa 1949, wakati takwimu zake mwenyewe zilikuwa zikimkana. Mradi ulifutwa Januari 1951, na pauni milioni 36 zikaandikwa hasara.

Wanasaikolojia wameuchunguza sana mtego huu. Fedha iliyokwisha kutumika hairudi, uendelee au uache, kwa hiyo kwa hesabu safi haifai kuwa sababu ya kuendelea. Lakini moyo hauhesabu hivyo. Kuacha ni kukiri hadharani kwamba ulikosea, na kiongozi aliyekwisha kukata utepe yuko radhi apoteze milioni nyingine kumi kuliko kukiri. Mtego huo huo uliwanasa Waingereza na Wafaransa kwa Concorde. Mkataba wao ulikuwa wa 1962, na ndege 14 tu ndizo zilizowahi kubeba abiria kibiashara, mpaka zilipopumzishwa mwaka 2003.

Kongwa, angalau, ilipata kazi nyingine. Kuanzia 1964 wapigania uhuru wa FRELIMO, ANC na SWAPO walipiga kambi mahali palipokusudiwa kuwa shamba kubwa la karanga. Reli ya Mtwara hadi Nachingwea, nayo iliyojengwa kwa ajili ya karanga hizo, iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bandari ipo mpaka leo.

Je, wajua kwamba ndege wa majini 2,000 na ndege 200,000 wana "bei" karibu moja?

Watafiti wa Marekani waliwauliza watu swali rahisi. Ndege wanaohama hufa kwa kuzama kwenye mabwawa ya mafuta machafu. Je, ungetoa kiasi gani ili mabwawa hayo yafunikwe? Kundi moja liliambiwa wataokolewa ndege 2,000, jingine 20,000, la tatu 200,000. Wastani wa majibu ulikuwa dola 80, dola 78 na dola 88.

Yaani ndege wakizidi mara mia moja, huruma inaongezeka kwa dola 8. Sababu si ubahili. Mtu akisikia habari ile haoni laki mbili kichwani. Anamwona ndege mmoja, mabawa yamegandamana kwa mafuta, anahangaika kuinuka. Fedha anazotoa ni za yule mmoja.

Mwaka 2007 yalichapishwa majaribio mengine ya aina hiyo. Watu walioonyeshwa picha ya Rokia, mtoto wa kike wa miaka 7 kutoka Mali, walichanga zaidi kuliko walioonyeshwa takwimu za mamilioni ya wenye njaa. La kutisha ni kwamba walioonyeshwa vyote viwili, picha ya Rokia pamoja na takwimu, walichanga kidogo kuliko wale wa picha peke yake. Namba hazikusaidia huruma. Ziliipoza.

Sasa mfikirie chura wa Kihansi. Hazidi sentimita 3, huzaa watoto hai badala ya kutaga, na duniani kote alikuwa na makazi mamoja tu: hekta 2 hivi za majani yaliyoloana kwa manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa. Aligunduliwa mwaka 1996, ujenzi wa bwawa la umeme ukiwa umeshaanza. Mitambo ilipowashwa mwaka 2000, maji ya maporomoko yalipungua kwa karibu asilimia 90. Vyura 499 wakapandishwa ndege kwenda Bronx Zoo, New York. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba hayupo tena porini, na mwaka 2012 wajukuu wa wale wasafiri walianza kurudishwa nyumbani, safari hii wakinyunyiziwa maji kwa mabomba.

Mitaani, vyura wa Kihansi waligeuka utani: fedha zote hizo kwa chura? Sina hakika kama tungecheka hivyo angekuwa duma. Mnyama mwenye macho makubwa na manyoya ana mawakili wengi. Asiye navyo anasubiri apotee ndipo ajulikane.

Je, wajua kwamba golikipa angeokoa penalti nyingi zaidi kama asingeruka?

Mwaka 2007 watafiti wa Israeli wakiongozwa na Michael Bar-Eli walichambua penalti 286. Karibu asilimia 29 ya mikwaju ilipigwa katikati ya goli, lakini makipa walibaki katikati kwa asilimia 6 tu. Waliobaki waliokoa penalti moja kati ya tatu. Walioruka kushoto au kulia waliokoa kama moja kati ya saba.

Kwa nini basi wanaruka? Jaribu kusimama wima huku mpira ukiingia pembeni, uone jukwaa litakavyokuzomea. Aliyeruka akakosa, amejitahidi. Aliyesimama akafungwa, mzembe.

Waziri naye ana jukwaa lake, na ukame ukiingia linapiga kelele: fanya kitu! Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Baringo nchini Kenya, kitu kilichofanywa ni kupanda mti wa kigeni unaostahimili jangwa, Prosopis juliflora, ambao wenyeji waliuita mathenge. Ungezuia jangwa na kutoa kuni. Kweli uliota. Uliota hadi ukafunga malisho na njia za kwenda majini, na miiba yake ikatoboa matairi na miguu ya mifugo. Maganda yake ni matamu, mbuzi hawabanduki; lakini sukari ile inaozesha meno mpaka yanang'oka. Mwaka 2006 jamii ya Ilchamus iliishtaki serikali, na kielelezo chao kimojawapo alikuwa mbuzi kibogoyo aliyepelekwa Nairobi mahakamani. Miaka miwili baadaye serikali yenyewe iliutangaza mti ule kuwa gugu hatari.

Kesi ngapi unazijua ambamo ushahidi ulikuwa ufizi wa mbuzi?

Je, wajua kwamba hofu ya ndege iliua watu barabarani?

Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Wamarekani wengi walikwepa viwanja vya ndege wakasafiri kwa magari. Mwanasaikolojia wa Kijerumani Gerd Gigerenzer alikadiria kwamba katika miezi 12 iliyofuata, watu wapatao 1,500 zaidi ya kawaida walikufa kwa ajali za barabarani. Abiria wa zile ndege nne zilizotekwa hawakufika 300.

Hofu hupima tukio kwa picha, si kwa idadi. Machi 2011 tetemeko na tsunami viliua watu wapatao 18,000 nchini Japani. Kwa mionzi ya kinu cha Fukushima, serikali ya nchi hiyo imekubali kifo kimoja. Dunia ilikumbuka kipi? Huko Ujerumani, Kansela Angela Merkel, ambaye kwa taaluma ni mwanafizikia, alikuwa ameongeza muda wa vinu vya nyuklia miezi michache tu kabla. Baada ya Fukushima akageuka ndani ya siku chache. Vinu 8 vilizimwa mwaka huo huo, na vitatu vya mwisho Aprili 15, 2023. Umeme wa jua na upepo uliongezeka sana, ni haki kusema hivyo, lakini sehemu ya pengo ilizibwa kwa makaa ya mawe. Wanauchumi waliopiga hesabu walikadiria vifo vya ziada 1,100 kwa mwaka kutokana na moshi huo. Vifo vya namna hiyo havipigwi picha. Mzee anakohoa, anapelekwa hospitali, anazikwa, basi.

Je, wajua kwamba kijana wa Mwanza na babu yake hawalizungumzii ziwa moja?

Ziwa Victoria lilikuwa na aina zipatazo 500 za furu, visamaki vidogo ambavyo kila kimoja kilikuwa na kazi yake: huyu anakula mwani, yule konokono, mwingine mayai ya wenzake. Katika miaka ya 1950 maofisa wa kikoloni walitaka samaki mkubwa, wa kuuzwa na wa kuvuliwa kwa starehe. Mwaka 1960 mwanasayansi Geoffrey Fryer aliandika kwa kirefu kwa nini ni hatari kumtia sangara katika ziwa hilo. Hakusikilizwa. Kufikia miaka ya 1980 sangara alikuwa ametapakaa kila pembe, na aina kama 200 za furu zikatoweka.

Si kwamba sangara hakuleta fedha. Alileta viwanda vya minofu Mwanza, Kisumu na Jinja. Minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, mabondo yakaenda China, na mapanki yakabaki kwa wananchi. Lakini mwulize kijana aliyezaliwa Kirumba mwaka 1995 ziwa lina samaki gani. Atakutajia sangara, sato na dagaa, na ataona kwamba kupungua kwa sangara ndiko uharibifu wenyewe. Furu kwake ni neno la wazee.

Mwaka 1995 mtaalamu wa uvuvi Daniel Pauly aliuandikia makala ugonjwa huu: kila kizazi hulichukua ziwa kililolikuta kuwa ndilo ziwa zima, kisha kinapima hasara kuanzia hapo. Huko Key West, Florida, mtafiti Loren McClenachan alikusanya picha za watalii waliopigwa pamoja na samaki waliowavua, kuanzia 1956 hadi 2007. Uzito wa wastani wa samaki ulishuka kutoka kama kilo 20 hadi kilo 2.3. Tabasamu za wavuvi hazikupungua hata kidogo.

Kwa kiongozi, ugonjwa huu ni mtamu. Anakuta msitu nusu, anaacha robo, na ripoti inasema "hali ni ya kuridhisha".

Je, wajua kwamba kibao cha kukataza kinaweza kuongeza wizi?

Katika hifadhi ya Petrified Forest huko Arizona kuna magogo yaliyogeuka mawe tangu enzi za dinosaria, na watalii hupenda kutia vipande mfukoni. Mtafiti Robert Cialdini na wenzake walitega vipande vyenye alama njiani, wakabadilishabadilisha vibao. Kibao kilicholalamika kwamba wageni wengi wamekuwa wakiiba kilifuatiwa na wizi wa karibu asilimia 8 ya vipande. Kilichoomba tu kwamba tafadhali usichukue, wizi ulikuwa chini ya asilimia 2.

Maana mgeni alisoma hivi: kumbe kila mtu anachukua.

Sasa nenda kwenye ukuta wowote wa mjini uliopakwa rangi nyekundu "NI MARUFUKU KUTUPA TAKA HAPA, FAINI SH. 50,000". Chini yake utakuta lundo la maganda ya ndizi, chupa za plastiki, pampasi na godoro lililopasuka, huku kuku wakichakura. Ukuta unasema usitupe. Lundo linasema hapa ndipo pa kutupia. Binadamu hulisikiliza lundo. Halmashauri ingelifagia kwanza, rangi ikafuata, ingeokoa rangi nyingi.

Je, wajua kwamba hata kipimajoto cha siku ile kinapiga kura? Mwaka 2011 watafiti waliripoti kwamba watu wa Marekani na Australia walioulizwa siku yenye joto kuliko kawaida waliamini zaidi kwamba dunia inapata joto, na walichangia zaidi juhudi za kuikabili hali hiyo. Wabunge wakijadili tabianchi ukumbini penye kiyoyozi, fikiria mwenyewe.

Je, wajua kwamba China iliwahi kutangaza vita dhidi ya shomoro?

Mwaka 1958 Mao Zedong aliagiza waangamizwe panya, nzi, mbu na shomoro, huyu wa mwisho kwa kosa la kula nafaka. Miji mizima ilitoka na masufuria na ngoma, ikapiga kelele mchana kutwa ili ndege wasitue mpaka waanguke kwa kuchoka. Wanazuolojia wachache walisema kwamba shomoro hula pia wadudu, na makinda yake hulishwa wadudu hao. Nani angelirudia hilo mbele ya Mwenyekiti? Wadudu waharibifu wakaongezeka mashambani, katika miaka ambayo njaa iliua mamilioni. Njaa ile ilikuwa na sababu nyingi na kubwa zaidi, lakini mwaka 1960 shomoro aliondolewa kimyakimya kwenye orodha na nafasi yake akapewa kunguni.

Usidhani ni ugonjwa wa madikteta peke yao. Aprili 1961 Rais John F. Kennedy aliruhusu wakimbizi wa Cuba wapatao 1,400 waivamie nchi yao kupitia Ghuba ya Nguruwe. Ndani ya siku tatu walikuwa wamekwisha. Mshauri wake Arthur Schlesinger alikuwa ameandika waraka wa kupinga, lakini kikaoni alinyamaza, akauliza vijiswali vya hapa na pale. Baadaye alijilaumu kwa kimya hicho. Profesa Irving Janis alikitumia kisa hicho katika kitabu chake cha 1972 kueleza jinsi wasomi wanaopendana wanavyoweza kukubaliana hadi shimoni. Kennedy alijifunza. Oktoba 1962, makombora ya Kirusi yalipoonekana Cuba, alikuwa akitoka makusudi kwenye baadhi ya vikao ili watu wasizungumze kwa kumtazama usoni, na nduguye Robert akapewa kazi ya kubishia kila hoja. Dunia ilinusurika.

Nairobi haikuwa na wa kubisha ndani ya ukumbi, ikabidi atoke nje. Mwaka 1989 chama tawala kilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 katikati ya Uhuru Park, pamoja na sanamu kubwa ya Rais Moi. Wangari Maathai aliandika barua kwa kila aliyeweza kusoma: serikalini, UNESCO, balozini. Bungeni walimtukana, akaambiwa kwamba mwanamke wa Kiafrika huheshimu wanaume. Wafadhili waliposoma barua zake walirudi nyuma, na mradi ukafa kabla fedha nyingi hazijazikwa pale. Bustani ipo, na mama yule alipata Nobel mwaka 2004.

Je, wajua kwamba makadirio ya bwawa kubwa hukosewa karibu kwa nusu?

Watafiti wa Oxford, akiwemo Bent Flyvbjerg, walikagua mabwawa makubwa 245 yaliyojengwa duniani kati ya 1934 na 2007. Gharama halisi, kwa wastani, zilizidi makadirio kwa asilimia 96. Wahandisi wa mabwawa hayo hawakuwa wajinga wa hesabu. Walihesabu mradi waliotamani kuupata.

Dawa moja ndogo ilipendekezwa na mwanasaikolojia Gary Klein, na haina gharama yoyote. Kabla ya kupitisha jambo, kila mjumbe achukue karatasi na ajifanye mwaka mmoja umepita na mradi umekufa kabisa. Kisha aandike umekufa kwa nini. Aliyekuwa akiogopa kupinga sasa ameagizwa kupinga. Kwa hiyo, kikao kijacho cha kijiji, cha bodi ya maji au cha chama chenu cha ushirika, omba dakika kumi za zoezi hilo kabla ya kunyoosha mikono, na sisitiza karatasi zile ziambatishwe kwenye muhtasari, zenye tarehe.